Jiwe Nyuma ya Tairi

14 Septemba, Jumapili. Louisville

Katika nyumba hii nikisema hakuna anayesikia, basi nitaandika. Nilisoma madarasa matatu tu kule Tanzania ukimbizini, tena kwa kukatizwa, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari wa hapa.

Mimi ni Zita, Mrundi, nakaa Beechmont na mjukuu wangu Rwema. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado wa kunyonya, nikamlea mimi kwa uji wa mgao. Alichoniachia binti yangu hapa duniani ni huyu tu.

Ana miaka ishirini na minne. Anapakia vifurushi ghalani, na nguvu zote zinazobaki anazipeleka kwenye gari. Gari lenyewe ni la spoti, la kijivu, milango miwili, chini sana. Nikitaka kuingia lazima nichuchumae kama mtu anayekojoa shambani. Haikumtosha lilivyotoka kiwandani. Akabadili ekzosi, akabadili springi, akafunga turbo, mpaka giaboksi ya otomatiki iliyokuja na gari ikashindwa na nguvu za injini, ikaungua. Ilinuka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Nikasema Mungu ashukuriwe, sasa tutapumzika.

Leo baada ya ibada ananiambia amepata nyingine. Mpya zaidi, ya gia kumi.

"Umeitoa wapi?"

"Buffalo, Bibi. Ni ya Gakunzi."

Mwiko ukanitoka mkononi.

Gakunzi alikuwa kaka yake Angelika, msichana ambaye Rwema anataka kumwoa. Kwao ni Tonawanda, kule kwenye viwanda, juu ya Buffalo. Desemba iliyopita lori liliteleza kwenye theluji likampiga ubavuni, akafa palepale. Gari lake lilikuwa la aina hiyohiyo kama la Rwema, ila toleo jipya. Limekaa uani kwa mama yake mpaka leo, na mama amechoka kulitazama. Amewaambia chukueni chochote kinachofaa.

"Wameshavua msiba?" nikamuuliza.

"Bado. Desemba."

"Basi hata kijiko chake hakiguswi."

Kwetu mtu akifa, vitu vyake vinamngoja. Siku ya kuganduka, siku ya kuvua msiba, ndipo wazee wanasimama kugawa: shuka kwa huyu, jembe kwa yule. Kabla ya hapo vitu bado ni vyake. Hilo hata mlevi anajua.

"Bibi, ni giaboksi. Ni chuma na mafuta tu."

"Na jembe ni nini? Ni unga?"

Akacheka, akaenda kulala.

15 Septemba

Mvua. Sikupika. Ale giaboksi.

20 Septemba, Jumamosi. Westerville

Tuko kwa mwanangu Yonasi, kaskazini mwa Columbus. Gari limeletwa juu ya trela kama ng'ombe mgonjwa. Yonasi ni mjomba wa Rwema na ndiye fundi. Kambini alikuwa anatengeneza baiskeli, kisha magari ya mashirika, hajawahi kushindwa na kitu. Hapa anafanya kazi ghalani, na wikiendi banda lake la gari linajaa watu wetu wenye magari yanayokohoa. Najivunia huyu mtoto na sioni haya kusema.

Mchana Angelika akafika kutoka Buffalo na pikapu ya kuazima. Giaboksi ilikuwa nyuma, imefunikwa blanketi la kahawia. Watu wanne wakaishusha polepole, mmoja kila pembe. Nikageuza uso.

"Blanketi ni la nani?" nikamuuliza.

"La kaka," akasema.

Msichana huyu anafunga mashine kiwandani Tonawanda, ana mikono mikubwa na maneno machache. Sijui Rwema alimpendea nini.

21 Septemba. Bado Westerville

Wamefanya kazi tangu asubuhi. Giaboksi mpya ni ndefu na nene kuliko ile ya zamani. Yonasi akakata sakafu ya gari na grainda, cheche zikaruka mpaka kwenye nguo za mke wake zilizoanikwa. Chuma cha kuishikilia hakikulingana, akatengeneza kingine kutokana na kitanda kibovu. Breki ya mkono ilikuwa inazuia, akaitoa.

"Gari bila breki ya mkono?" nikasema.

"Mama, kaa ndani. Otomatiki ina P. Ukiweka P limefungwa."

"Nitakaa ninapotaka. Nilikuzaa mimi."

Ikafika kwenye waya, ule unaotoka kwenye mkono wa gia pale kwa dereva, unapita chini, unakwenda kuvuta giaboksi. Yonasi akachukua ule wa zamani. Angelika alikuwa amechuchumaa na tochi.

"Mjomba, huo si wa giaboksi hii. Ya kaka ilikuwa na wake."

"Wa kaka yako umekatika. Na waya ni waya, binti."

"Urefu wake je?"

Nikamwambia Angelika amwache fundi afanye kazi yake, na kwamba kwetu mchumba haji kumfundisha kazi mjomba wa mume. Akanitazama. Akaishika tochi palepale alipoambiwa.

Jioni wakawasha. Injini ikanguruma, watoto wa jirani wakapiga makofi. Rwema akaenda na kurudi, kwenda na kurudi, barabara za huku zimenyooka kama meza. Gia zilibadilika bila hata kikombe kumwagika. Kwenye dashibodi kuna kioo kidogo kinachoonyesha gia. Alipoegesha, kikaandika P kwa rangi ya kijani.

"Umeona, Bibi?"

Nimeona. Nimeona pia alivyokuwa anacheka, kama alivyokuwa anacheka mama yake. Blanketi limebaki bandani, limekunjwa, na hakuna aliyetaka kulichukua.

28 Septemba, Jumapili. Louisville

Gari liko kwenye njia yetu ya kuingilia. Njia hii inashuka kutoka ukutani mpaka barabarani. Pale chini, kando ya sanduku la barua, ndipo watoto wanangoja basi la shule asubuhi, akiwemo Précieuse, binti wa jirani yangu Clémence, Mkongo wa Bukavu.

Kambini lori la chakula likifika, utingo alikuwa anaruka chini na gogo, analiweka nyuma ya tairi kabla dereva hajazima injini. Dereva awe nani, lori liwe jipya namna gani, gogo kwanza. Mimi nikachukua jiwe kwenye bustani ya Clémence, kubwa kama kichwa cha mbuzi, nikaliweka nyuma ya tairi la kulia. Clémence, ambaye huniita koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao, akanikuta nimeinama.

"Koko Zita, hii libwe iko ya maua yangu, hapana?"

"Ilikuwa ya maua."

"Donc gari ya bei kali hivi, inafungwa na libwe kama mbuzi?"

"Wewe mbuzi wenu mlikuwa mnawafunga na mawe?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Bon, bakia nayo. Mi sisemi kitu."

30 Septemba

Asubuhi Rwema akitaka kuondoka jiwe lilikuwa limebanwa. Nililipiga teke, likakataa. Ikabidi asogeze gari mbele kidogo ndipo nilitoe.

"Gari lolote hukaa kidogo ukiliegesha," akasema. "Ni kawaida."

4 Oktoba

Limebanwa.

5 Oktoba

Limebanwa. Kanisani mchungaji alihubiri mno, nikasinzia.

11 Oktoba, Jumamosi

Kabla ya giaboksi hii gari lake lilikaa hapo miaka miwili, halikuegemea kitu. Sasa kila asubuhi limeliegemea jiwe kwa uzito wake wote, kama mtu anayesukuma mlango. Nimemwambia Rwema ampigie mjomba wake. Akampigia. Yonasi akacheka kwenye simu, nikamsikia: "Mwambie Mama gari lina P na jiwe lina Mama."

Mimi pia nilicheka kidogo. Ni mwanangu.

17 Oktoba

Usiku baridi imeanza kuuma. Asubuhi nimetoka na chai, nikaona jiwe si pale nilipoliweka. Limesogea kiganja kizima, limeacha mkwaruzo mweupe kwenye lami. Gari limelisukuma.

Nikasimama pale, chai ikapoa.

Njia yetu inashuka kuelekea kaskazini. Tonawanda iko kaskazini. Sikumwambia mtu, ila naandika: yule kijana Gakunzi anataka kurudi kwao. Wamemchukulia kitu chake kabla hajaagwa, na kila usiku anakivuta.

18 Oktoba

Nimemwambia Rwema. Akasema: "Bibi, usiseme hivyo mbele ya Angelika. Tafadhali."

26 Oktoba

Naweka jiwe mwenyewe kila anaporudi. Hata mvua inyeshe. Namwambia Gakunzi, vumilia mwanangu, Desemba siyo mbali. Clémence ananiona nikiongea na tairi. Leo hakucheka.

2 Novemba

Limebanwa.

8 Novemba, Jumamosi

Angelika amekuja kutembea. Amenisaidia kuchambua mboga bila kuombwa, na anachambua vizuri, sikatai. Mchana nikamkuta chini ya gari, miguu tu nje, amelala kwenye lami ya baridi.

"Unatafuta nini huko?"

"Naangalia ule waya, Bibi. Jeki ya hapa ni fupi, sioni vizuri."

"Toka, utaumwa mgongo na hujazaa bado."

Akatoka. Akalitazama jiwe, akainama akalisukuma kwa mkono. Halikutikisika. "Tangu lini linabanwa hivi?"

"Tangu mlipoleta kitu cha marehemu."

Nikaona uso wake umejifunga. Nilitaka kurudisha neno, lakini neno si kuku.

Jioni nikawasikia yeye na Rwema jikoni wanasemezana Kiingereza chao cha haraka. Yeye anasema waya, waya. Rwema anasema mjomba, mjomba.

11 Novemba, Jumanne

Lazima niandike.

Jana mpwa wa Clémence alikuja kumsafishia bustani kabla ya theluji. Aliona jiwe lao liko kwetu, gari halipo, akalirudisha kwenye maua. Hakujua. Rwema aliporudi kutoka kazini nilikuwa kliniki kwa ajili ya presha. Akaegesha, akaingia kulala. Niliporudi miguu iliuma, sikuzunguka nyuma ya gari. Baridi ya kwanza kali ilikuwa jana.

Asubuhi kabla jua halijatoka vizuri nikafungua mlango. Njia ilikuwa tupu.

Nilifikiri limeibiwa, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kisha nikaliona. Lilikuwa ng'ambo ya barabara, matako kwenye uzio wa watu, taa zimezimwa, milango imefungwa. Lilishuka peke yake. Lilipita pale kwenye sanduku la barua, na sanduku la barua halipo, limelala. Pipa la taka la Clémence limekuwa bapa kama chapati.

Clémence akatoka na kitambaa cha kulalia kichwani. Nyuma yake Précieuse amevaa begi la shule tayari, koti halijafungwa. Clémence akalitazama sanduku la barua. Akamtazama mtoto. Akamvuta ndani, akafunga mlango, nikasikia ufunguo.

Rwema akaja akikimbia na soksi. Akafungua gari, akawasha kioo.

"P," akasema. "Bibi, kimeandika P. Niliweka P."

"Una hakika?"

Alikuwa na hakika. Akampigia Yonasi. Yonasi akasema uliacha kwenye N, gia huru, ulikuwa na usingizi, kioo kimerudi P ulipowasha. Rwema akabisha. Kisha akabisha kidogo. Saa moja baadaye nikamsikia anamwambia mwenye uzio kwamba labda alisahau. Kijana akiambiwa na mjomba wake kwamba alisahau, anaanza kukumbuka alivyosahau.

Mimi sikubishana na mtu. Nililichukua jiwe kwenye maua nikalirudisha mahali pake. Mimi nilijua ni nani aliyeshuka na hilo gari.

13 Novemba

Clémence amekuja na sambusa. Ameketi bila kutoa koti.

"Koko, mi sina kelele na wewe. Lakini ile gari, minakuomba. Mtoto wangu iko moja tu."

"Wangu pia ni mmoja," nikasema.

Tukala sambusa.

16 Novemba, Jumapili

Nimeamua. Nimemwambia Rwema: Desemba tunakwenda Tonawanda na gari hilohilo. Siku ya kuganduka wazee watasimama, watalitaja jina la Gakunzi, watasema giaboksi hii amepewa Rwema mbele ya watu wote. Atakuwa ameagwa, ataiachia. Vinginevyo mimi sipandi, na harusi sitahudhuria.

"Angelika anataka ipelekwe kwanza kwa fundi mwingine," akasema.

"Mjomba wako si fundi?"

Anatupenda sote watatu, mimi, mjomba na Angelika, na sote tunavuta.

30 Novemba

Theluji nyembamba. Limebanwa.

7 Desemba

Limebanwa. Jiwe limeanza kuchimba lami.

12 Desemba, Ijumaa. Westerville, tunapumzika

Tumetoka Louisville asubuhi, mvua ya barafu njia nzima. Rwema anaendesha vizuri, lazima niseme. Gia zinapanda kama mtu anayepanda ngazi na viatu laini. Jiwe liko miguuni pangu.

Tumekula kwa Yonasi. Mke wake anaweka juisi kwenye vikombe vya kuchezea watoto. Yonasi anakuja nasi kwa gari lake. Baada ya chakula Rwema akasema, kwa adabu, akitazama sahani: "Mjomba, kabla hatujaendelea, tungelipandisha kwenye jeki tuuangalie ule waya. Nusu saa tu."

Yonasi akaweka uma chini. Niliona ameumia. Kazi yake mbele ya mke wake, mbele yangu.

Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema hakuna haja, tutachelewa, theluji inakuja kutoka ziwani na watu wanatungoja. Nikasema ugonjwa huu hautibiwi na spana.

"Umesikia bibi yako," Yonasi akasema, akachukua uma.

Naandika wakati wanapasha injini moto. Mbele kumekuwa kweupe.

15 Desemba, Jumatatu. Buffalo

Jumamosi sikuandika, na jana sikuweza. Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana wengine wataeleza watakavyo.

Tulifika Tonawanda Ijumaa jioni. Nyumba ya Mama Gakunzi iko juu kidogo ya barabara, na njia yake inashuka kama yetu, fupi zaidi ila kali zaidi. Rwema akaegesha, nikashuka na jiwe, nikaliweka. Mama Gakunzi akasimama mlangoni amejifunga kanga mbili na koti. Hakuuliza. Yeye ni mtu wa kambi, anajua gogo.

Jumamosi tuliganduka. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Sala zikasomwa, tukanywa, tukaimba, mama akanyolewa nywele za mbele kidogo kama desturi. Mzee wao akasimama akagawa vitu vya marehemu. Saa kwa binamu. Koti la kazini kwa rafiki wa kiwandani, mzungu mmoja mnene aliyelia kuliko sote. Kisha nikakohoa, maana alitaka kukaa. Akasema: "Na kile chuma cha gari, giaboksi, amepewa Rwema, shemeji yake. Gakunzi, mwachie." Watu wote wakaitikia. Mama Gakunzi akaitikia pia, sauti yake ikawa ya mwisho.

Nilisikia kitu kinashuka mabegani mwangu. Tangu Septemba sikuwa nimepumua hivyo.

Mchana tukatoka nje kuwasindikiza wageni. Theluji ilikuwa imeacha, baridi ilikuwa ya kupasua meno. Rwema alikuwa ametoka dukani kuchukua soda, akaegesha palepale, nikaweka jiwe kwa mazoea. Kisha nikajiona. Nikajiuliza, Zita, umetoka kuitikia mbele ya watu na mzee, sasa jiwe la nini? Ni kumwambia marehemu kwamba humwamini.

Nikasema kwa sauti, ili wasikie: "Sasa ameenda. Hili halina kazi tena."

Angelika alikuwa kwenye ngazi na sinia la vikombe. Akasema, "Bibi, liache."

Nikasema, "Binti, hata leo utanifundisha?"

Jiwe lilikuwa bado halijabanwa, ndiyo kwanza lilikuwa limewekwa. Nikalitoa kwa mkono mmoja, nikalitupa kwenye theluji kando ya ua. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilipigiwa vigelegele.

Mama Gakunzi akaja akasimama nyuma ya gari. Akaweka kiganja juu ya buti, kama unavyoweka juu ya jeneza au juu ya kichwa cha mtoto, akainamisha uso akaanza kusema naye polepole. Hakuna aliyemsogelea.

Gari halikupiga kelele. Nataka hilo lijulikane. Lilitoa sauti moja ndogo, tik, kama jino kwenye mfupa, likaanza kurudi nyuma. Yeye alifikiri nini sijui. Hakuondoa mkono. Alirudi nalo hatua moja, hatua mbili, uso umeinama, mkono juu ya buti, kama wanaotembea pamoja.

Angelika akaangusha sinia. Rwema alikuwa mbele ya gari na chupa za soda. Alizunguka kwa kukimbia, akamsukuma Mama Gakunzi pembeni, mama akaanguka kwenye theluji. Rwema akateleza. Gari likamfuata mpaka kwenye gari la Yonasi lililoegeshwa chini barabarani, na mguu wake wa kushoto ukawa katikati.

Sauti ile sitaiandika.

Wanaume waliliinua gari kwa mikono, yule mzungu mnene mbele yao. Angelika alikuwa chini na Rwema, amemfunga paja kwa kitambaa cha kichwa chake, anakaza kwa kijiti. Yonasi alifungua mlango wa dereva akatazama ndani. Nikamwona anatazama. Ufunguo ulikuwa umewashwa nusu kwa ajili ya muziki wa wageni. Kioo kilikuwa kimeandika P, kijani.

16 Desemba

Wamempasua mara ya pili. Wanasema mguu wanauacha kwa sasa. Nimeuliza kwa sasa ni mpaka lini, wakaniletea maji.

Jana Yonasi na Angelika walilipandisha gari kwenye jeki. Yonasi alikuja hospitali kuniambia mwenyewe, amesimama kama alivyokuwa anasimama akivunja chungu.

"Mama, mkono wa gia ulikuwa unafika P. Kioo kinasoma mkono, hakisomi ndani. Waya ni mfupi, upana wa ukucha tu. Lile jino linalofunga giaboksi lilikuwa linashika ncha ya tundu, halizami. Baridi ikikaza waya, hata ncha halishiki. Nililijaribu kwangu. Kwangu ni tambarare."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpakata. Nikamwambia: "Wewe uliweka waya mfupi. Jiwe nilitoa mimi. Kaa chini."

Akakaa.

Kwa hiyo Gakunzi hakuwa anavuta kitu. Miezi yote ile, kijana wa watu alikuwa amelala zake, nami nikimsingizia. Jiwe lilikuwa linaniambia kila asubuhi, na mimi nikilitafsiria.

17 Desemba

Mama Gakunzi ameleta uji. Ana bandeji kwenye kiwiko alipoangukia. Amemlisha Rwema kijiko kwa kijiko, kisha akanigeukia.

"Nilikuwa namwambia mwanangu nenda salama," akasema. "Gari likaanza kwenda. Nilifikiri amenijibu."

Nikachukua bakuli lake tupu, nikaenda kuliosha.

Tulipotoka hospitali Angelika alikuwa anatungoja barabarani. Nikamwambia kwamba kule Westerville nilimfunga mdomo akiwa na haki, na Tonawanda pia. Nilisema mara moja na vizuri. Hakusema "si kitu, Bibi." Alisema, "Ulilitupa upande gani?"

Kwao Tonawanda theluji ilikuwa imeongezeka mpaka magotini. Tulichimba kando ya ua, yeye na koleo, mimi na sufuria ya mama yake. Lilikuwa chini kabisa. Upande mmoja ni jiwe tu. Upande mwingine umekuwa mweusi kwa mpira na laini kama kisahani, mahali gari lilipoegemea tangu Septemba. Angelika akalipangusa kwa mkono wa koti, akanipa.

19 Desemba, Ijumaa

Rwema ameamka vizuri leo. Mguu uko kwenye vyuma, vyuma vinaingia kwenye nyama. Ameuliza gari liko wapi. Nikamwambia liko kwenye jeki na magogo manne, na Angelika ameagiza waya wake halisi na breki ya mkono, na hakuna atakayekaa ndani mpaka yeye aseme. Akafumba macho. "Sawa," akasema. Kisha: "Bibi, hicho ni nini kwenye mfuko?"

Kitanda cha hospitali kina magurudumu manne. Nilikuwa nimeyatazama tangu Jumamosi.

Nesi akaniona nimeinama na jiwe la watu. Ni msichana mpole, hakunikemea. Akanionyesha kitufe pale miguuni pa kitanda. Akasema kitanda kimefungwa, bibi, usiogope, tazama, taa ni ya kijani.

Nikaitazama taa yake. Kisha nikapiga goti, nikalisukuma jiwe nyuma ya gurudumu, upande ule laini ukilielekea, mpaka likagusa.